Kuacha njia ya udaktari wa tiba na kuomba udaktari wa meno Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa harusini, msibani, na mara nyingi zaidi kwenye simu saa sita za usiku, na vijana wanaonong'ona kwa sababu wazazi wamelala chumba cha pili. Mimi mwenyewe niliingia chuo kikuu hapa Texas ukoo mzima ukiniita "daktari" kabla sijafungua kitabu. Leo niko mwaka wa tatu wa udaktari wa meno. Majibu yote yanahusu mfumo wa Marekani, isipokuwa pale nilipotaja nyumbani. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo ruka hadi linalokuhusu.

## Misingi

Daktari wa meno ni daktari kweli?

Ndiyo. Anasoma miaka minne baada ya shahada ya kwanza, sawasawa na mwenzake wa tiba. Anaandika dawa, anachoma sindano za ganzi, anapasua, na akikosea anashtakiwa vilevile.

Naelewa swali linakotoka. Wengi wetu tulikokulia, mtu wa meno alikuwa yule mwenye koleo kwenye hospitali ya wilaya. Unakwenda baada ya kukesha siku tatu, unang'olewa, unauma pamba, unarudi nyumbani na shavu limevimba. Huku kung'oa ni hatua ya mwisho. Siku nyingi kazi ni kuokoa jino: kusafisha mzizi, kuziba, kuvika taji, kutibu fizi. Na anayedhani jino haliui akumbuke kwamba mwaka 2007, huko Maryland, mtoto wa miaka 12 alifariki baada ya usaha wa jino moja kupanda hadi kwenye ubongo.

Shahada za meno za DDS na DMD zina tofauti gani?

Hakuna. Chuo cha Baltimore kilichoanzishwa mwaka 1840 kilitoa DDS, na Harvard ilipoanzisha chuo chake mwaka 1867 ikachagua jina la Kilatini, ndipo DMD ikazaliwa. Masomo ni yaleyale, leseni ni ileile. Usichague chuo kwa herufi.

Njia hizi mbili zinatengana wapi hasa?

Mwanzoni karibu hazitengani. Kwa kawaida zote zinataka shahada ya kwanza (ya chochote, hata historia), masomo ya sayansi, mtihani, maombi, usaili, kisha miaka minne. Chuo Kikuu cha Pacific, San Francisco, ndicho kinachojulikana kwa kuwamaliza wanafunzi wake wa meno kwa miaka mitatu.

Zinatengana baada ya kuhitimu. Wa tiba lazima aende kwenye mafunzo ya hospitali, miaka mitatu kwa uchache, na mfumo wa kompyuta ndio unaoamua ataangukia mji gani. Wa meno akishafaulu mtihani wa taifa, INBDE, na kutimiza masharti ya vitendo ya jimbo lake, anaweza kuanza kazi kama daktari wa meno wa kawaida. New York na Delaware zinadai mwaka mmoja wa mafunzo kwanza. Kwa mtu aliyefika Marekani na miaka 20 na ushee, akaanza na Kiingereza cha jioni na kazi ya kulea wazee, miaka hiyo mitatu si kitu kidogo.

Je, meno ni rahisi kuingia kuliko tiba?

Nani kakwambia? Vyuo vya udaktari wa meno nchi nzima ni kama 70 hivi. Vya tiba vinavyotoa MD pekee vinazidi 150, na bado hujahesabu vya DO, shahada nyingine ya udaktari wa tiba. Wanaoomba meno ni wachache zaidi, lakini viti navyo ni vichache. Anayekuja na alama zilizokataliwa tiba akidhani huku mlango uko wazi, atakataliwa mara ya pili na kupoteza mwaka mwingine.

## Kabla hujaamua

Nitajuaje kama nayataka meno kweli, au naikimbia tiba tu?

Nenda kakae kliniki. Hilo ndilo jibu, na hakuna linaloweza kukaa mahali pake.

Nilipoanza kumfuata daktari wa meno kazini nilikuwa nimechoka na tiba, sijui ninachokitafuta. Siku ya kwanza nilisimama kwenye kona kwa saa nne nikisikiliza mlio ule mwembamba wa mashine ya kuchongea, na harufu ya jino linalochongwa, ambayo hainukii kama kitu kingine chochote. Ikifanana na chochote, ni kwato zilizoungua. Kuna wanaokimbia hapohapo. Siku ya pili akaja mzee kutoka Kivu, Kiingereza hana, mkalimani wa simu hapatikani. Nikaitwa. Mzee akasema: "Linapwita. Usiku ndiyo linapwita zaidi, nikilala linazidi." Daktari akaniuliza maumivu ni ya namna gani. Nikatafuta neno la Kiingereza, mwishowe nikafungua na kufumba kiganja mara kadhaa, kama moyo unavyodunda. Akaitikia kwa kichwa: kiini cha jino kimevimba. Picha ya eksirei ikathibitisha. Baada ya dakika 40 mzee alikuwa anacheka upande mmoja wa mdomo, mwingine umekufa ganzi.

Sikusema "hii ndiyo kazi yangu" kama wanavyosema kwenye insha. Nilichokiona ni kwamba mtu kaja na shida saa tatu, kaondoka bila shida saa nne, na aliyeitoa kaitoa kwa mikono yake. Baadaye nikajiuliza maswali haya, nawe jiulize. Naweza kuinamia mdomo wa mtu saa nane kwa siku? (Migongo na shingo za madaktari wa meno zina kesi yake.) Naweza kufurahia kazi ya milimita, siku baada ya siku? Naweza kumhudumia mtu anayeniogopa? Na hili: kama kesho ningeambiwa nimepata nafasi ya tiba, ningeondoka kliniki nikikimbia? Kama jibu la swali hili la mwisho ni ndiyo, subiri.

Nimefanya MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya tiba, mara mbili, alama hazipandi. Nihamie meno?

Hiyo peke yake si sababu. Ukiingia kwenye usaili na hadithi ya MCAT, wasaili wamezisikia nyingi na wanazinusa kabla hujakaa. Lakini matokeo mabaya yanaweza kuwa ndiyo yaliyokusimamisha ukatazama pembeni. Ulichokiona pembeni ndicho utakachokieleza. Soma pia jibu kuhusu insha.

Nitawaambiaje wazazi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, hasa usiku.

Kwanza, usiwaambie kabla hujajua unachokisema. Mama akiuliza "kwa nini?" nawe ukajibu "tiba ni ngumu", umeshindwa kesi. Nenda ukiwa na saa zako za kliniki, kalenda ya maombi na hesabu ya gharama. Wazazi wetu wengi hawachukii meno, wanaogopa neno "nimeacha". Kwa hiyo usianze na ulichokiacha.

Mimi nilimwambia mzee wangu Jumapili baada ya kanisa. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: "Meno kama haya?" akafunua midomo. Sisi ni watu wa Arusha, kutoka mitelemko ya Meru. Maji ya kule yana floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na tuliokulia huko tunajulikana kwa meno ya kahawia popote tuendapo. Wa Nakuru wanalijua hili pia. Mzee wangu amecheka na mdomo umefungwa maisha yake yote, na picha yake ya harusi unadhani imepigwa msibani. Nikamwambia ndiyo, meno kama hayo, yanatibika. Mjadala ukaisha, ingawa shangazi mmoja bado ananitambulisha kwa wageni kama "daktari wa moyo".

Si kila mtu ana baba wa Arusha. Kama kwenu hali ni ngumu, mtafute mtu mzima mmoja anayeheshimiwa, mchungaji, shehe, mjomba, umweleze kwanza, mwende naye.

## Masomo na mtihani

Masomo niliyosoma kwa ajili ya tiba yatapotea?

Karibu yote yanabaki. Biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia, pamoja na maabara zake, ndiyo msingi wa njia zote mbili. Vyuo vingi vya meno vinadai biokemia pia. Vinavyoongezeka mara kwa mara ni anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, na kila chuo kina orodha yake. Saikolojia na sosholojia ulizosomea MCAT hazitakusaidia kwenye mtihani wa meno, lakini shahada yako haitapungukiwa kwa kuwa nazo.

Angalia masharti mawili madogo yanayowakwamisha watu: kama chuo unachokitaka kinakubali masomo yaliyosomwa mtandaoni, na kama kinakubali yaliyosomwa kwenye vyuo vya jamii (community college). Vyuo havifanani. Tengeneza jedwali lako, safu moja kwa chuo, kabla hujajiandikisha kwa muhula unaofuata.

DAT, mtihani wa kuingia vyuo vya meno, inatofautianaje na MCAT?

MCAT inakula kama saa saba na nusu ukihesabu mapumziko, na alama zake ni 472 hadi 528. DAT ni kama saa tano na robo. Ina sayansi asilia (maswali 100 kwa dakika 90: 40 ya biolojia, 30 ya kemia ya jumla, 30 ya kemia ogania), uwezo wa kuona maumbo (90 kwa dakika 60), usomaji (50 kwa dakika 60) na hesabu (40 kwa dakika 45). Fizikia haimo. Tangu Machi 2025 alama zinatolewa kati ya 200 na 600, zamani ilikuwa 1 hadi 30. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilipata 21", anazungumzia mtihani wa kabla ya hapo.

Tofauti kubwa ni tabia ya mitihani yenyewe. MCAT inakupa makala ndefu na kukutaka ufikirie, wakati sayansi ya DAT inakuuliza moja kwa moja: unajua au hujui? Sekunde 54 kwa swali. Aliyezoea MCAT huja na kiburi, akakuta biolojia ya DAT ni bahari, pana kuliko ilivyo na kina: uainishaji wa viumbe, mimea, ikolojia, vitu ambavyo hajavigusa tangu kidato cha nne. Mimi nilitenga wiki kumi, na nne kati yake ziliishia kwenye biolojia.

Hii sehemu ya maumbo inasomewaje?

Ina vipande sita, maswali 15 kila kimoja. Umbo la kupitisha kwenye tundu, umbo lilelile likitazamwa kutoka juu, mbele na ubavuni, kupanga pembe kuanzia ndogo hadi kubwa, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kuhesabu vijiboksi kwa idadi ya nyuso zake zilizopakwa rangi, na kukunja kadibodi ikawa umbo kamili.

Inasomewa kwa kurudia kila siku, dakika 30 au 40, kwa mwezi na nusu au zaidi. Si ya kukesha nayo wiki ya mwisho. Karatasi iliyotobolewa ilinishinda hadi nilipochukua karatasi halisi na msumari. Kwa pembe hakuna siri, macho yanazoea. Dada mmoja niliyemsaidia alikuwa anakata na kushona magauni tangu akiwa msichana Mombasa, na kukunja kadibodi kwake kulikuwa mchezo. Alisema ni mkono wa gauni tu.

GPA yangu si nzuri. Inahesabiwa vilevile?

Si vilevile kabisa. Mfumo wa maombi ya tiba, AMCAS, unahesabu wastani wa sayansi pamoja na hisabati. Mfumo wa meno, AADSAS, unatenga biolojia, kemia na fizikia bila hisabati. Kama hisabati ndiyo iliyokuwa inakubeba, wastani wako wa sayansi utashuka. Kama ndiyo iliyokuwa inakuzamisha, umepata nafuu. Somo lililorudiwa huhesabiwa mara zote mbili, alama ya kwanza haifutwi.

Wanaangalia pia mwelekeo. Aliyeanza vibaya akamaliza vizuri anasikilizwa. Aliyeanza vizuri akaporomoka mwaka wa tatu ajiandae kueleza.

## Maombi

Kalenda ikoje?

AADSAS hufunguliwa Mei, na kutuma huanza karibu na Juni. Vyuo vinasoma maombi kadiri yanavyoingia, kwa hiyo aliyetuma Juni na aliyetuma Novemba hawapigani vita moja. Usaili huanza mwishoni mwa kiangazi. Majibu ya kukubaliwa huanza kutoka katikati ya Desemba, na masomo huanza mwaka unaofuata.

Kama unahama Machi na hujafanya DAT wala hujakanyaga kliniki, usiombe mwaka huo. Najua mwaka ni mrefu. Lakini kuomba nusunusu vyuo 12, kila kimoja na ada yake, ni kuchoma hela, na mwaka unaofuata mfumo utakuuliza kama uliwahi kuomba.

Niko Texas. Kuna tofauti?

Ipo, na ni nzuri. Vyuo vya umma vya hapa, kilichopo Houston, San Antonio, Dallas cha Texas A&M, na El Paso cha Texas Tech, vinatumia mfumo wa TMDSAS, ambao pia ndio wa vyuo vya umma vya tiba. Sehemu kubwa mno ya nafasi ni ya wakaazi wa jimbo, na ada yao ni ndogo ikilinganishwa na ya vyuo binafsi. Kama wewe ni mkaazi, anza hapo, AADSAS ifuate.

Saa ngapi za kliniki zinatosha?

Utasikia 100 ikitajwa kila mahali, na vyuo vingine vinaandika idadi yao wenyewe. Saa ulizomfuata daktari wa moyo au ulizofanya kazi hospitali hazihesabiki hapa, ingawa zinabaki kwenye maombi kama uzoefu wa kuhudumia wagonjwa.

Tafuta kliniki za aina tofauti: moja ya binafsi, moja ya jamii inayohudumia wasio na bima, na bingwa mmoja angalau. Kupata mtu wa kukukubali ni kazi. Nilipiga simu kliniki 19, nne zikanijibu, mbili zikanikubali. Kliniki za jamii ndizo zilizofungua mlango, na sababu haikuwa alama zangu, ni Kiswahili. Mahali penye wakimbizi wa Kongo wengi, mtu anayeweza kusema "fungua mdomo, usimeze, inua mkono ukisikia maumivu" anapewa kiti. Ila usijifanye mkalimani rasmi kama huna cheti. Waambie wazi.

Andika daftari. Tarehe, saa, ulichokiona, bila jina la mgonjwa. Miezi minane baadaye hutakumbuka.

Wanaangalia ustadi wa mikono kweli?

Wanauliza, na wengi wanajibu "napiga piano" hata kama waliacha wakiwa na miaka tisa. Watu wetu wanakaa na hazina bila kujua: kupaka hina, kusuka rasta, kufuma vitambaa, kudarizi kofia za mkono, kusuka ukili, kutengeneza simu kwenye kibanda. Mtu aliyechora hina ya bibi harusi usiku kucha, mstari usitetereke, ana cha kusema. Aseme.

Barua za kunipendekeza nani aandike?

Kawaida walimu wawili wa sayansi na daktari wa meno mmoja. Kama chuo chako kina kamati ya wanaojiandaa na fani za afya, barua ya kamati inaweza kuchukua nafasi ya za walimu. Barua ya zamani inayosema "atakuwa tabibu hodari" usiitumie. Rudi kwa mwalimu, mweleze umebadili, mwombe aandike upya. Hata mistari mitatu ikibadilika inatosha. Mshauri mmoja wa masomo aliniambia barua ya tiba "itafanya kazi tu". Nilimsikiliza, na msaili wangu wa kwanza aliisoma kwa sauti mbele yangu.

Kwenye insha, nieleze kwamba nilikuwa njia ya tiba?

Kama maombi yako yanaonyesha, eleza. Miaka mitatu ya kujitolea chumba cha dharura na uanachama wa chama cha wanafunzi wa tiba haifichiki, na kuikwepa kunaleta shaka. Lakini una herufi 4,500 tu, nafasi na vituo vikihesabiwa, na ile ya tiba ilikuwa 5,300. Usichukue ile ukabadili neno "tabibu" ukaweka "meno". Ipo insha ya namna hiyo, ni yangu, rasimu ya kwanza, na ina sentensi inayosema nimependa jino tangu nilipoona upasuaji wa nyonga.

Toa sentensi mbili kwa kilichokuwepo, zilizobaki ziende kwa ulichokiona na ulichokifanya. Usiseme vibaya tiba. Usiseme unapenda meno kwa sababu yana ratiba nzuri, hata kama ni kweli, na ni kweli.

Wataona kwamba niliwahi kuomba vyuo vya tiba?

AMCAS na AADSAS ni mifumo miwili, inayoendeshwa na vyama tofauti. Lakini AADSAS inauliza kama uliwahi kusoma kwenye chuo cha fani ya afya, na msaili anaweza kukuuliza lolote. Akiuliza, jibu ukweli kwa kifupi.

## Fedha

Deni linakuwaje?

Zito. Mhitimu wa meno aliyekopa hutoka na wastani wa karibu dola 300,000, na vyuo binafsi vya miji mikubwa vinavuka hapo kwa mbali. Sababu moja ni kwamba ada inabeba kliniki: viti, vifaa, na mashine unazofanyia mazoezi. Takwimu za kazi za serikali ziliweka mapato ya kati ya daktari wa meno juu ya dola 170,000 kwa mwaka 2023. Ni fedha nyingi, ila piga hesabu ya kodi na rejesho la mwezi kabla ya kutangaza nyumba kijijini.

Nimesikia mikopo ya serikali imebadilika.

Imebadilika, na mwenye kaka aliyesoma miaka mitano iliyopita asitumie hesabu za kaka. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imeondoa mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Wanafunzi wa fani kama tiba na meno wamewekewa ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Linganisha na jibu lililopita uone pengo. Pengo hilo litazibwa na mikopo ya benki, inayotaka mdhamini na riba yake, au na chuo cha bei nafuu. Ndiyo maana nasisitiza vyuo vya umma vya jimbo lako.

Kuna njia za kulipiwa kwa kubadilishana na kazi. Mpango wa serikali wa National Health Service Corps unafadhili wanaokubali kufanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba, na jeshi lina ufadhili wake kwa raia. Soma mkataba wote, hasa ukurasa unaosema utalipa nini ukivunja.

Karatasi zangu zinaruhusu kukopa?

Raia, mwenye ukaazi wa kudumu, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaingia kwenye mikopo ya serikali. Mwenye viza ya mwanafunzi na mwenye DACA (kinga ya muda ya kutorudishwa kwao, kwa walioletwa wakiwa watoto bila karatasi) hawaingii. Kwa mwenye viza kuna ugumu mwingine: vyuo kadhaa havimpokei kabisa, na vingine vinataka uonyeshe fedha kabla ya kuanza. Uliza ofisi ya udahili kwa barua pepe, upate jibu la maandishi.

## Hali za pembeni

Nimeshaanza chuo cha tiba, mwaka wa kwanza. Naweza kuhamishwa?

Hapana, hakuna kuhamishwa. Unaomba upya kama wengine, DAT ikiwemo, na anatomia uliyosoma huenda usipunguziwe hata siku moja. Chuo cha meno kitataka kujua uliondokaje, kwa hiyo ondoka vizuri: omba likizo ya masomo badala ya kutoweka, maliza muhula kama unaweza, pata barua inayosema ulikuwa na msimamo mzuri. Zungumza na ofisi ya mikopo kabla ya kutia saini, maana ukishaacha masomo saa ya kurejesha inaanza kuhesabu.

Napenda upasuaji. Meno hayataninyima?

Kuna upasuaji wa kinywa, taya na uso. Ni ubingwa wa meno wa miaka minne, au sita ikiwa programu inakupa na MD ndani yake. Watu hao wanaunga taya zilizovunjika kwenye ajali, wanatoa uvimbe, wanarekebisha nyuso. Yaani kuna watu wanaopita meno na kutokea tiba. Ushindani ni mkali, na hata hivyo lazima kwanza usome udaktari wa meno wa kawaida kwa miaka minne. Kama kujaza matundu kutakuchukiza, miaka minne ni mingi.

Nilisoma udaktari wa tiba nyumbani, Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa. Kuna njia fupi ya meno hapa?

Haipo. Utaingia mwaka wa kwanza. Vyeti vyako vitafanyiwa tathmini, na vyuo vingi vitataka angalau baadhi ya masomo ya sayansi uyasome Marekani au Kanada.

Na kama nilisoma udaktari wa meno nyumbani?

Hapo hali ni tofauti. Kuna programu za madaktari wa meno waliosoma nje, za miaka miwili au mitatu, zinazoombwa kupitia CAAPID, mfumo wao wa maombi. Utahitaji tathmini ya vyeti, mtihani wa Kiingereza, mara nyingi INBDE, na vyuo kadhaa vinakufanyia mtihani wa mikono: unachonga jino la plastiki mbele yao. Ni ghali na nafasi ni chache, lakini wapo watu wetu waliopita.

Nikihitimu hapa naweza kwenda kufanya kazi nyumbani?

Shahada yako haikupi ruhusa yenyewe. Tanzania Bara utajisajili na Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar ina baraza lake, na Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari wa tiba na meno la huko. Waandikie mapema kabla ya kukata tiketi. Kwa wanaotaka kwenda wiki mbili na timu ya kujitolea, usajili wa muda nao unahitajika, na kuwa mzawa hakukuondolei.

Nikiingia meno kisha nikaona nimekosea tena?

Mwaka wa kwanza, mwezi wa pili, kila mtu anaona amekosea. Wanakupa kipande cha nta na kukuambia uchonge gego la chini. Langu la kwanza lilirudi na noti ya mwalimu: "Hii ni viazi?" Nililichonga mara 14. Lile la 14 liko nyumbani kwa mzee, kwenye kabati la vyombo, pembeni ya picha ya harusi.